Eti "mama, mmewahi kufikiria kupanda mpunga?" NA WALI WANGU UKO MDOMONI MWAKE!!!

NyarKano
Naandika mikono ikitetemeka na si baridi. Nimetoka semina saa hii, hata gambuti sijavua. Mwalimu wa semina simtaji jina. Wa Ahero mnamjua, wa Nyakach mnamjua, hata kuku wanamjua, wakisikia gari lake wanapanda miti. Yule wa vesti ya rangi ya machungwa. Yule ambaye gari likikwama tunamsukuma sisi, akifika anatufundisha kujitegemea.

Wiki tatu zilizopita mto Nyando ulitutembelea nyumbani. Kwetu hata haikuwa imenyesha. Ilinyesha huko juu Nandi, sisi tukaletewa. Mahindi yalikuwa yananifika kiunoni, asubuhi nikaona ncha tu. Magunia mawili ya akiba yakaloa, nikaanika kwa turubai, jua likagoma, yakaota ukungu wa kijani. Nikayamwaga nikilia, kwa sababu sumukuvu haichagui mtoto wa nani. Mlango wa choo mara ya mwisho ulionekana ukielekea ziwani bila kuaga. Nimebaki na bata wanne, ambao kwao ilikuwa Krismasi.

Mzee wa kijiji akasema mgeni anakuja, tupike. Nikashusha mchele wa mwisho, ule niliuficha ndani ya ndoo juu ya kabati. Mchele wa shamba langu la skimu ya umwagiliaji, nimepandikiza kwa mgongo huu huu. Nikapika na kuku. Bwana akala. Akaongeza. Akaongeza tena. Tambarare yote ya Kano haina kilima, lakini sahani yake ilikuwa nacho.

Kisha akaniangalia kwa huruma, shavu limejaa, akaniuliza: "Mama, na haya maji yote, mmewahi kufikiria kupanda mpunga?"

MPUNGA. AHERO. Punje imemkwama kwenye ndevu, inatingika akiongea, inaniaga.

Jameni, skimu ya Ahero iko hapa tangu miaka ya 1960! Mimi nimejua kupandikiza kabla sijajua kusoma. Na nani alimwambia mpunga unataka mafuriko? Mpunga unataka maji ya kipimo. Mche mchanga ukizamishwa wote siku kadhaa unaoza tu. Hayo ya kipimo tunayavuta kutoka mtoni kwa pampu za umeme, na umeme una bili. Maji ya kulipia yanakuja kidogo kidogo, ya bure yanakuja yote usiku mmoja.

Halafu kukawa na slaidi za mabadiliko ya tabianchi. Sikuona hata moja, nilikuwa naangalia punje. Mwishoni tukapewa daftari na kalamu. Daftari! Nilipalilie?

Na wali ulikuwa MDOMONI. Sijui kama mmenielewa. Hakuwa amemeza.

Jakamongo
Nimecheka nimeamsha mtoto. Huyo alikuja kwetu kutufundisha kufuga samaki. Siku hiyo kamongo alikuwa chini ya kitanda changu, mwezi wa pili, hajalipa kodi.

Mtoto_wa_Awasi
Pole sana mama. Swali dogo tu. Ulimjibu nini?

NyarKano
Usinianze.

Mtoto_wa_Awasi
Ulimjibu NINI.

NyarKano
Nilisema "asante mwalimu, tutajaribu." Kisha nikamwongezea mchuzi. Ndiyo maana nina hasira!!!

Jakamongo
"TUTAJARIBU" hahahaha. Hapa simba, pale mchuzi.

Bunyala_Kusini
Nyinyi wa Nyando mnapenda kulia. Mafuriko njooni muone Budalangi. Nzoia ikivunja tuta sisi hatuhesabu wiki, tunahesabu darasa tulilolala. Mimi nimeshalala la pili, la nne na la saba. Mwaka ujao nafanya mtihani wa mwisho. Maji yanashuka kutoka Elgon na Cherang'any yamebeba udongo mzuri wa watu wa Trans Nzoia. Wao wanavuna mahindi, sisi tunavuna shamba lao, linaingia hadi kwenye sufuria.

NyarKano
Ndugu, sikukuja kushindana. Mimi naongea juu ya wali.

Mwariki_Ziwani
Afadhali yenu yanarudi. Huku Nakuru ziwa lilikuja likakaa. Lilimeza lango kuu la mbuga, halafu likaja mtaani kutusalimia. Maji yalivyokuwa mengi chumvi ikapungua, chakula cha flamingo kikaisha, nao wakahama zao. Ndege wana mahali pa kwenda, mimi nina kiwanja chini ya maji na hati miliki mkononi. Nikimtafuta wa kumuuzia ananiuliza kama naongeza na mtumbwi.

Afisa_Mstaafu
Ndugu zangu, tusimtukane mtu kwa swali moja. Cha maana ni hiki: maji yakishuka, ule unyevu usipotee bure. Tieni kunde, viazi vitamu, mboga za kienyeji, mtama wa muda mfupi. Na nafaka isilale sakafuni. Bibi zetu walijenga dero, ghala la nafaka, juu ya miguu, maji yakapita chini, panya wakakosa mlango. Sisi tukasema huo ni ushamba, tukahamishia magunia chini ya kitanda. Nani mshamba hapo?

Jakamongo
Huyu ndiye yeye. Mwangalieni ndevu.

Afisa_Mstaafu
Mimi sina ndevu.

Jakamongo
Umemeza?

Kwelea_Wamenimaliza
Nani amesema mtama? NANI? Mimi ni wa West Kano. Mwanzo wa 2023 kwelea walitushukia kwenye mpunga, shamba likawa na manyoya kuliko mashuke. Tulipiga madebe kuanzia alfajiri, watoto, wazee, na mchungaji akiwa na la kwake. Mtama kwa kwelea ni karamu iliyopakuliwa kabisa, hata kumenya hahitaji. Hao ndege walijua siku yangu ya kuvuna kabla sijaijua mimi. Wakaja jana yake.

Jadunga
Ndege unampigia debe. Kiboko je? 2020 Ziwa Victoria lilipopanda likapita hata kiwango cha 1964, viboko walihamia kwetu na mizigo. Usiku mmoja sukuma wiki zote chini, na zile hakuzila anazikanyaga kwa roho mbaya tu. Mpigie debe uone kama utafika kesho.

Kwelea_Wamenimaliza
Kiboko ni mmoja. Mimi wangu ni milioni.

Jadunga
Milioni wako wanaingia mfukoni. Wangu haingii hata mlangoni, na ameshajaribu.

NyarKano
Jameni. WALI.

Bunyala_Kusini
Wali tumesikia mama, mdomoni. Hapa tuzungumze madalali. Baada ya maji kuondoka, anayekuja kwanza si serikali, ni dalali. Anakuta gunia lako lina unyevu, anaminya punje, anakunja uso, anakupa bei ya kuomboleza.

Kwelea_Wamenimaliza
Na gorogoro yao, mkebe wa kupimia, imebonyezwa chini wakiuza, imenyooshwa wakinunua. Uongo?

Mtoto_wa_Awasi
Kwani mama, hao bata bado wapo?

NyarKano
Wapo. Lakini mada si bata.

Mtoto_wa_Awasi
Dume au jike?

NyarKano
Dume mmoja, majike matatu. Moja limeanza kutaga juzi, mayai makubwa kama ngumi. Lakini mada si bata.

Afisa_Mstaafu
Bata wazuri sana kwenye mpunga. Miche ikishashika waingize, wanakula wadudu na magugu. Mpunga ukianza kutoa mashuke, watoe haraka.

Jakamongo
Sasa hapo mzee umesema. Mama, jike moja bei gani?

Mwariki_Ziwani
Mimi ndiye nilikuwa nataka kuuliza. Nakuru hapa napata vipi?

Kwelea_Wamenimaliza
Na je, bata wanafukuza kwelea?

Jadunga
Hapana, lakini watawafanyia kampani.

NyarKano
Lile linalotaga siuzi. Hayo mengine mawili Jumamosi, stendi ya Ahero, saa tatu asubuhi. Nakuru utajua mwenyewe na kondakta. Mje na kikapu chenu.

Mtoto_wa_Awasi
Na chakula tutakuta?

NyarKano
Mtakuta daftari.

Jakamongo
Niwekee lile jeupe.

NyarKano
Hakuna jeupe. Yote yana tope.