Njia tatu za miguu, pesa za njia moja. Tuanzie wapi?

Assalam alaykum jamani. Shehia yetu iko kilimani huku Pemba, gari za abiria za namba 606 tunazisikia mlio lakini kuzifikia ni miguu. Njia tunazo tatu, moja inakata bondeni kwenye mpunga kwenda skuli na kituo cha afya, moja msikiti wa Ijumaa, nyengine inapanda mpaka barabarani. Masika zote sabuni, udongo mwekundu huu mnaujua. Tumechangishana na kijana wetu alioko Maskati kaongezea ila kwa bei ya saruji inatosha njia moja tu. Kikao baada ya sala ya Ijumaa wazee wakapitisha ya msikitini, mie sikuridhika ila hoja sina. Mnachaguaje?

Bi Mkubwa wa Wete: Waalaykum salaam. Kikao mmefanya msikitini, wanaume watupu, mlitegemea ipite njia gani 😂 Waulizeni wenye mimba na watoto mgongoni kliniki wanapitia wapi.

Mtu wa Ng'ambo: Sie huku Unguja tulihesabu watu. Kila njia mtu mmoja na daftari, siku ya skuli, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, tena mchana mkondo wa pili unapoingia, tena watoto wakitoka chuoni (madrasa) jioni. Lakini angalieni hapo, njia iliyooza watu wanaikimbia, ukihesabu utaona haina watu ukasema haina haja kumbe wenyewe wanazunguka mbali huko kwa sababu haipitiki. Kwahivo waulize na wanaozunguka.

Fundi Mawe: Mnawaza njia nzima nyinyi. Njia haiwi mbovu yote. Subirini mvua, ipiteni pamoja na mzee wa mkongojo, pale anaposimama ndo pa kutia pesa. Bondeni pengine kalvati (kivuko kidogo, maji yanapita chini yake) na tuta basi, kilimani ngazi. Na mtaro wa pembeni msiusahau, maji yakikosa pa kwenda yanakula chini ya saruji, masika moja tu mnabaki na vipande. Halafu njia ikipita kwenye mikarafuu ya mtu mwandikishane kwa sheha kabla ya kumwaga kokoto, sio baadae.

Mjukuu wa Babu: Wazee nao msiwacheke, alfajiri kiza, mtu wa miaka 70 akiteleza akavunja nyonga ndo haendi tena msikitini wala kokote.

Muulizaji: Ahsanteni. Jana imenyesha nikenda bondeni asubuhi, watoto wanavuka juu ya gogo la mnazi viatu mkononi, wakubwa wanawapokea ng'ambo ya pili, na wawili watatu nimewaona wamerudi nyumbani. Nishaongea na sheha kikao kirudiwe na kina mama waitwe, mie ntasema kalvati kwanza, ikibaki kitu ngazi za msikitini. Fundi, kalvati la futi sita mifuko mingapi ya saruji?

Fundi Mawe: Nitumie picha ya bonde maji yakiwa juu, nikikwambia sasa hivi ntakudanganya.