Ushauri: direktere anataka kupanga walimu kwa "kukua" kwa watoto

MwalimuKatuba
Jambo yenu wapendwa. Nafundisha la tano primeri hapa Lubumbashi, shule ya kibinafsi, watoto 52 kwa kalasi. Direktere wetu ameleta habari ya Marekani: tusiangalie tena mtoto amepata ngapi, tuangalie amekua kiasi gani kuliko wenzake. Mwisho wa trimestri atapanga walimu kwa hiyo namba, na prime, ile pesa ya ziada ya mwalimu, itafuata hapo.

Nusu ya moyo inafurahi. Nina kijana anayeuza maji ya sashe na mama yake kila jioni. Hesabu, trimestri ya kwanza alipata 19 juu ya 50. Ya pili, 24. Buletini, karatasi ya pointi zake, bado ni biki nyekundu, nafasi yake karibu ileile. Jasho lake hakuna aliyeliona.

Lakini nina wasichana wawili wa 46, 47 kila mara. Hao watakua kwenda wapi? Halafu mwenzangu wa 5B anatunga mtihani wake mwenyewe. Nishaurini.

Tata_Kamalondo
Mwalimu, mbele ya yote, prime ni ngapi? Kama ni ya unga wa bukari wa siku mbili, usijiumize kichwa.

Takwimu243
Hiyo inaitwa pasentaili ya ukuaji. Ilianza kutumika Colorado, jimbo la Marekani, mtu aliyeitengeneza ni Damian Betebenner. Jimbo la Massachusetts nao wanaitumia. Mtoto hapimwi na kalasi nzima, anapimwa na wale waliokuwa na pointi kama zake mbeleni. Kijana wako wa 19 anawekwa na wengine wa 19. Akiwapita 70 kwa kila 100, ukuaji wake ni 70. Namba zinatoka 1 mpaka 99.

Wasichana wako hawapotei hapo. Wa 46 anapimwa na wa 46. Akishuka mpaka 45 na wenzake wakaanguka mpaka 40, yeye ndiye amekua. Shida inakuja mtihani ukiwa laini, wote wakipata 50 juu ya 50: hapo huwezi kujua nani kapita nani.

Ila kule karatasi ni moja kwa jimbo zima, watoto maelfu. Wewe, wenye 19 kwa kalasi yako ni wangapi?

MwalimuKatuba
Nimefungua daftari sasa hivi. Kutoka 17 mpaka 21 ni sita, yeye akiwemo. Amewapita wanne, mmoja kampita.

Takwimu243
Basi wanne kwa watano, hiyo ni 80. Mmoja kati ya wale wanne angeamka vizuri siku ile na kumpita, ingekuwa 60. Malaria ya mtoto wa watu inabadilisha namba ya wako! Na namba ya mwalimu inatoka hapohapo: wanapanga watoto kwa mstari, wanachukua wa katikati. Tena hata mkifundisha wote vizuri sana, nusu ya watoto watabaki chini ya 50, maana wanapimana wao kwa wao.

Mama_Ruashi
Mie muzazi. Wa sita wakienda kwa ENAFEP, ule mtihani wa taifa wa kumaliza primeri tuliozoea kuita TENAFEP, nani atawauliza mlianzia wapi? 24 juu ya 50 ni kuanguka. Msije mkatupamba na namba nzuri mtoto akashindwa.

Mwl_Mstaafu
Mama ana haki, buletini ibaki. Lakini mwalimu anayepewa watoto wa 19 na anayepewa wa 40, kuwapima kwa asilimia ya mwisho peke yake pia ni uonevu, nimeishi hilo miaka mingi.

Mwanangu, usibishe kwa mkutano mbele ya wote. Ingia biro yake na daftari lako wazi, muonyeshe wale sita. Omba mtihani mmoja kwa 5A na 5B, kila mmoja akosoe karatasi za mwenzake. Namba imsaidie kujua mtoto gani wa kushikwa mkono. Prime aiweke mbali. Hata chama cha wanatakwimu cha Marekani kilionya mwaka 2014, kuhusu njia za kumpima mwalimu kwa pointi za watoto: tafiti nyingi zinaona sehemu ya mwalimu katika tofauti za pointi ni asilimia 1 mpaka 14.

MwalimuKatuba
Aksanti sana, baba. Mwenzangu wa 5B amekubali tubadilishane karatasi, ila anataka maswali ya jiometria ayatunge yeye. Kesho mbele ya kengele niko kwa mlango wa direktere. Tata_Kamalondo, prime bado hajasema ni ngapi.