Naomba ushauri: "squirm" na "fidget" tuziwekeje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Natafsiri hadithi ya watoto kutoka Kiingereza na nimekwama kwenye maneno ya mwili usiotulia. Yote nimeyarundika kwenye "kujinyonganyonga", na hadithi imepoteza ladha kabisa.

"Writhe" hainisumbui, ni kugaagaa kwa maumivu. "Wriggle" ni mwendo wa mnyoo, au mtoto anayefurukuta aponyoke mikononi mwa mtu.

Inayonitesa ni "squirm". Mtu kakaa kitini, kaulizwa swali la aibu, mwili unajipinda kidogo lakini haondoki. Nikiandika "anajipindapinda", mwili upo, aibu haimo. Na "fidget" je? Vidole vinachezea kifungo, mguu unatikisika, kwa wasiwasi au kwa kuchoka kusubiri. "Kutotulia" ni pana mno. Hata mtoto anayekimbia huku na huko hatulii.

Kuna kitenzi kimoja mnachokitumia kwa kila moja ya hayo mawili? Au nieleze tu vidole na kifungo? Naogopa sentensi zitamlemea msomaji mdogo. Naombeni msaada, hata neno la lahaja nitalipokea.