Bondia Dick Tiger anafutwa ubaoni kwa MATE, Kirumba, Mwanza, mchana kweupe!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua. Simtaji. Yeyote aliyewahi kunywa kahawa pale Kirumba, njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, anamjua. Yule wa sauti kubwa, mjuaji wa kila kitu kuanzia bei ya mabondo hadi siri za Ikulu.

Leo tulikuwa tunapanga mtoano wa mabondia wa uzito wa kati, kilo 72 na nusu, wa enzi zote, kila mtu akiwa kwenye ubora wake. Ubao upo, ule wa kuandikia mechi za banda la mpira. Nafasi nane. Robinson, Greb, Monzón, Hagler, Hopkins, Golovkin, LaMotta. La nane nikaliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: DICK TIGER. Watu wameshaanza kugombana nani akutane na nani, raha tupu.

Akainuka. Akalamba kidole. Akafuta.

ALILAMBA, wakuu! Kitambaa cha kufutia kinaning'inia kwenye msumari pembeni ya ubao, hata hatua haifiki. Akakiacha. Kidole cha shahada akakipitisha ulimini polepole kama keshia anayehesabu noti, akaanza na ile D akaenda nayo mpaka R ya mwisho, halafu juu ya mate yake akaandika CANELO, yule Mmexico wa siku hizi. Chaki ikagoma kushika kwa unyevu, akapuliza pakauke! Ndipo akakaa, akaagiza kahawa na kashata, akasema, "Huyo wako ni bondia wa redio." Kina mama wa dagaa walicheka mpaka Ukerewe wakasikia.

Bondia wa redio! Mtu aliyempiga Gene Fullmer kule San Francisco mwaka 1962 akabeba mkanda, wakatoka droo Las Vegas 1963, halafu akamleta Ibadan kwa Wanigeria wenzake, tarehe 10 Agosti 1963, na baada ya raundi ya saba Fullmer hakurudi ulingoni. Huyo Fullmer alishampiga Sugar Ray Robinson mara mbili! Tiger akapoteza mkanda kwa Joey Giardello, akamfuata, akaurudisha 1965. Mwaka huohuo alishamwangusha Rubin Carter, yule "Hurricane", pale New York. 1966 akapanda uzito wa juu yake, laitihevi, akamvua José Torres mkanda. Raundi 15 hizo. Unapimwa uzito na kupigana siku hiyohiyo. Canelo anapimwa leo, anakula, analala, anapanda kesho kwa raundi 12, eti ndiye wa kumfuta Tiger. Kwa mate.

Tiger na Hagler, raundi 15, mimi nauza kitanda nilipe kiingilio. Wote wanakwenda mbele, hakuna anayerudi nyuma, Tiger na ile kushoto yake, Hagler kashajikunja. Mwisho wake nampa Hagler kwa pointi. Ndiyo, nimekubali apigwe! Lakini apigwe ulingoni na mwanaume mwenzake, sio na kidole kimetoka mdomoni kina mate.

Sinywi tena kahawa pale. Kidole kile nitakiota.

---

MpigaKasia: Mkuu kunywa maji kwanza. Kidole cha mkono gani?

Mleta uzi: Cha kulia. Na hakunawa.

Ngosha wa Igoma: Mimi nilikuwepo. Hakulamba. Alitema kidogo kwenye kiganja.

Mleta uzi: ALILAMBA. Nilikuwa hatua mbili toka kwenye ubao, wewe ulikuwa unagombea chenji.

KonaNyekundu: Tuache kidole. Mleta uzi unatupiga changa la macho na Fullmer. Alimpiga Robinson wa miaka 35, kisha wa miaka 39. Na katikati hapo, Mei 1957 Chicago, Robinson alimlaza Fullmer raundi ya tano kwa ngumi moja ya kushoto ambayo mpaka leo makocha wanafundishia. Robinson wa 1951, yule aliyemsimamisha LaMotta raundi ya 13, anamcheza Tiger usiku mzima na hajalowa jasho.

Mleta uzi: Sawa, mpe Robinson ushindi. Je, Robinson angelamba kidole?

MpigaKasia: 😂😂😂 mkuu kalale

Dada wa Nyegezi: Samahani kaka zangu, mnabishana mate wakati jina la Monzón limekaa pale ubaoni limetulia. Bingwa 1970 mpaka 1977, alitetea mkanda mara 14, nimesikia sana. 1988 alimuua mama wa mtoto wake akafungwa. Kama kuna jina la kufutwa, futeni hilo, hata kwa soksi.

KonaNyekundu: Dada, tunapanga ngumi, hatupangi tabia.

Dada wa Nyegezi: Mimi napanga vyote viwili. Ubao wenu, macho yangu.

Mtoto wa Ziwa: Kwanza mtoano wenyewe unafanyika ukingoni mwa Ziwa Victoria na hakuna hata mtu wa ziwani! John Mugabi wa Kampala, hapo ng'ambo tu. Medali ya fedha Olimpiki ya Moscow 1980. Alimfuata Hagler Machi 1986 akiwa na mapambano 25, kashinda 25, kaangusha 25. Hagler akamlaza raundi ya 11, ndiyo, lakini mtazameni Hagler uso ulivyovimba ile usiku. Mnaandika LaMotta mnaacha mtu wa nyumbani. Nina hasira kuliko mleta uzi.

Ngosha wa Igoma: Mugabi hakuwahi kuwa bingwa wa uzito wa kati, mkuu. Alikuja kuchukua mkanda wa uzito wa chini yake.

Mtoto wa Ziwa: Na wewe ulikuwa unagombea chenji.

Mzee wa Pasiansi: Vijana, mnataja taja Hagler, mnanitonesha kidonda. Aprili 1987, Las Vegas. Sugar Ray Leonard anatoka mapumzikoni kuja kupigana naye, anaomba raundi 12 badala ya 15, anaomba ulingo mkubwa, anaomba glovu nene. Hagler anakubali yote! Halafu jaji mmoja anaandika 118 kwa 110 kwa Leonard. Mia na kumi! Jaji wa pili kampa Leonard kwa pointi mbili, wa tatu kampa Hagler kwa pointi mbili. Huyo wa 118 alikuwa anatazama pambano gani? Hagler akaondoka kwenye ngumi moja kwa moja, akahamia Italia kuigiza filamu. Hakurudi tena. Hiyo ndiyo dhuluma ya kuandikia uzi.

KonaNyekundu: Mzee wangu shikamoo, ila Leonard alishinda. Hagler alizitupa raundi za mwanzo kwa kupigana mkono wa kushoto mbele, kama watu wa kulia, wakati yeye ni wa kushoto.

Mzee wa Pasiansi: Marahaba. Toka hapa.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Kitambaa kilikuwepo kwenye msumari.

Dada wa Nyegezi: Leonard sikatai, alimaliza kila raundi kwa vurugu za sekunde chache mbele ya majaji. Akili hiyo. Hagler alitakiwa amzuie.

Mzee wa Pasiansi: Vurugu sio ngumi, mwanangu! Bingwa ananyang'anywa, hapewi tu mtu kwa kukimbia kimbia!

Mchanga wa Capri Point: Nimesoma uzi wote, hakuna aliyemtetea Harry Greb. Aliona kwa jicho moja, bado akawa bingwa 1923. Mtu pekee aliyewahi kumpiga Gene Tunney, 1922, na Tunney akaja kumvua Dempsey mkanda wa uzito wa juu. Mapambano karibu 300. Greb anawachapa wote saba waliobaki kwa jioni moja.

MpigaKasia: Greb hana hata filamu moja ya pambano iliyobaki. Mmeshamwona wapi akirusha ngumi?

Mchanga wa Capri Point: Kwa hiyo kisichokuwa na video hakikutokea? Babu yako una video yake?

MpigaKasia: Babu yangu sijamwingiza kwenye nane bora.

Mtoto wa Ziwa: Greb atoke, aingie Mugabi. Nani anapinga?

Mchanga wa Capri Point: Mimi. Nafungua uzi wangu wa Greb sasa hivi, na wewe usije.