Naomba ushauri: uwanja wa watoto mtaani kwetu Nairobi unataka kuuzwa

Wakubwa shikamoo, wenzangu habari zenu.

Uwanja wetu uko kwenye ramani ya mtaa kama ardhi ya burudani ya umma. Juzi walikuja wapima ardhi, wakapiga vigingi, na sasa tunasikia zitajengwa fleti. Bango la kubadilisha matumizi ya ardhi hatujaliona popote. Diwani tukimuuliza anacheka tu.

Najua Wangari Maathai alizuia jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park mwaka 1989, lakini yeye alikuwa Wangari, sisi ni wapangaji na mama mboga. Nimesoma kifungu cha 70 cha Katiba: unaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba umepata hasara. Je, mpangaji asiye na hati yoyote anasikilizwa kweli?

Na tuanzie wapi: Tume ya Ardhi, au moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba zuio? Tukishindwa, gharama za upande wa pili tunabebeshwa sisi? Hilo ndilo linawatisha wazee wasitie sahihi. Aliyewahi kupitia haya anisaidie, trekta linaweza kuingia wakati wowote.