Wateja wa hosting niwape sheli ipi kwenye WHM (paneli ya msimamizi wa seva)?

kijana_wa_seva: Wakuu, habari za jioni. Nina VPS (seva ya kukodi) yenye cPanel (programu ya kusimamia tovuti), nimewakodishia nafasi wateja 40, wengi maduka na shule. Leo mmoja kaomba SSH (kuingia kwenye seva kwa amri za maandishi) atumie git (ya kutunza matoleo ya kodi) na WP-CLI (amri za kusimamia WordPress). Kufungua Manage Shell Access nakuta Normal (sheli kamili), Jailed (iliyofungiwa) na Disabled (hakuna sheli). (Sheli ya kompyuta jamani, pa kuandikia amri, siyo ya mafuta.) Nikiwapa wote Normal kuna ubaya? Sitaki kupigiwa simu kila siku.

BabaMjukuu: Usithubutu. Mteja wa Normal anasoma /etc/passwd nzima (orodha ya watumiaji wa seva), anajua majirani zake wote 39. Akikuta mmoja kaacha public_html (folda ya tovuti) iko 755 na wp-config.php (mipangilio ya WordPress) 644, yaani yeyote anasoma, nywila ya databesi kashaiona.

DadaTerminali: Mpe Jailed huyo aliyeomba, basi. Git ataipata humo humo, na WP-CLI ni faili moja tu la phar, analiweka kwenye folda yake. Wengine Disabled, mwenye duka anapandisha picha kwa File Manager, SSH ya nini? Kagua na Packages (vifurushi vya akaunti) pia, usije ukawa umeruhusu sheli kwa kila akaunti mpya. Halafu aingie kwa ufunguo (jozi ya faili za SSH, moja ya siri na moja ya umma), siyo nywila.

BabaMjukuu: Ila mkuu, jela hiyo ni ya sheli tu. Plagini mbovu ya WordPress inapita kwa PHP (lugha inayoendesha WordPress), haijui hata hodi. Ukitaka kufungia vyote kuna CageFS ya CloudLinux, lakini leseni unalipia.

fundi_mstaafu: Ukishawasha Jailed utaiona /home/virtfs. USIIFUTE! Kazini kwangu kwa zamani diski ilijaa, nikapiga du (amri ya kupima ukubwa wa folda), nikaona virtfs imebeba magiga kibao. Nikajua ni nakala, nikashusha rm -rf (amri ya kufuta kila kitu). Kumbe siyo nakala, ni folda zile zile halisi zimeunganishwa kwa mlango wa pili. Barua pepe za mteja na tovuti yake vikaondoka. Nilikesha siku mbili narudisha bakapu.

kijana_wa_seva: Duh, pole sana mzee wangu. Nimejaribu Jailed kwa akaunti yangu ya majaribio: cat /etc/passwd inaleta majina ya mfumo na langu, wateja hawamo. Nimempa jamaa. Sasa anauliza ufunguo wa umma unapatikana wapi. Ngoja nimpigie.