Mzazi mzima kupigiwa makofi mkutanoni kama mtoto wa maandalizi: huu ndio mtaala mpya?

BintiFuoni ameandika:

Assalaamu alaykum wanajamvi. Ninaandika nikiwa hata baibui sijavua, kwa sababu nimetoka kwenye mkutano wa wazazi sasa hivi na moyo wangu bado unakwenda mbio. Jina la mwalimu aliyeuongoza sitalitaja wala sina haja ya kulitaja, kwani kila aliyewahi kupeleka mtoto skuli upande wetu huu anamjua: ni yule mwenye filimbi shingoni, ambaye filimbi hiyo haivui hata akienda mazikoni.

Tumegaiwa ripoti za muhula za Darasa la Pili. Nimeifungua ya mwanangu, nimeitazama mbele, nimeigeuza nyuma, na sikuona alama, wala jumla, wala wastani, wala nafasi. Nilichokiona ni nyuso. Narudia kwa wale ambao bado hawajapewa za kwao: nyuso. Penye maneno “Anasoma sentensi fupi kwa ufasaha” pamechorwa uso unaocheka, na penye “Anatoa nambari za tarakimu mbili” pamechorwa uso ambao haucheki wala haukununa, umekaa tu unanitazama. Basi nikasimama kwa adabu zangu zote, nikauliza swali ambalo wazazi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakiliuliza tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964: “Samahani Maalim, mwanangu amekuwa wa ngapi?”

Akatabasamu. Akawageukia wazazi wote akasema: “Mzazi mwenzetu amejaribu. Tumpigieni makofi matatu.”

Na wakapiga! Watu wazima, wengine wana wajukuu, wengine ninawadai, wakapiga makofi matatu kwa pamoja kama darasa la maandalizi, na mimi nimesimama na ripoti yangu mkononi. Makofi yale nina hakika yamesikika hadi Chumbe. Nimelea, nimesomesha, nimezika wazee wangu, na katika umri wangu wote hakuna aliyenipigia makofi kwa sababu ya kuuliza swali. Angenijibu kwamba hajui, ningekaa kitako. Angenijibu kwamba mwanangu ni wa mwisho, ningelia nyumbani kwangu. Lakini makofi?

Nataka alama zirudi. Nataka nijue mwanangu amemshinda nani na nani amemshinda. Na zaidi ya hayo nataka yule bwana aniombe radhi mbele ya watu wale wale walionipigia makofi.

Mkaazi wa Jang'ombe:

Pole sana dada yangu, nimekuelewa kabla hujamaliza mstari wa kwanza, kwa sababu mtu wa filimbi ni mmoja tu kisiwani hapa. Mimi alinipulizia filimbi hiyo hiyo getini nilipochelewa kumchukua mtoto, nikajikuta nimeingia kwenye mstari pamoja na wanafunzi wa mkondo wa mchana, na nilisimama humo hadi wimbo wa taifa ukamalizika. Tulilalamika kwenye Kamati ya Skuli, tukaambiwa kwamba mwalimu ana hamasa.

MpembaHalisi:

Sisi wa Wete tumeyasikia makofi hayo, tukadhani ni radi. Lakini dada, niruhusu nikuulize: huo uso wa kati uliokaa unakutazama, ulimuuliza maana yake? Ripoti imekwambia kwamba mtoto anasoma vizuri lakini kutoa bado kunamsumbua, nawe ukaiweka pembeni ukauliza nafasi. Ninawaomba wanajamvi wote tumpigie makofi matatu kwa uzi wake mrefu.

BintiFuoni:

MpembaHalisi, usinichokoze leo. Uso maana yake ni uso. Ningetaka picha ningekwenda kwa mpiga picha pale Darajani. Na sijasema kwamba siujali huo uso wa kati. Nimesema kwamba nilipouliza nilipigiwa makofi. Matatu. Hakuna hata mmoja aliyesita, wala jirani yangu niliyekwenda naye kwa dala dala moja na nikamlipia nauli.

BabaWaMapacha:

Dada, wewe umepigiwa makofi tu, na mimi sasa naomba mnisikilize, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna fagio. Wanangu wote wawili wapo Darasa la Pili na walipewa hesabu ya 42 kutoa 17. Nikakaa nao baada ya Magharibi, nikawaonesha kama nilivyooneshwa mimi: mbili kutoa saba haitoki, kwa hiyo tunakopa kumi kwa jirani, mbili inakuwa kumi na mbili, nne inabaki tatu, jawabu 25. Kesho yake madaftari yamerudi na maandishi mekundu: “Jawabu ni sahihi. Onesha njiti.”

Njiti zenyewe ni hivi, na ninawaeleza kwa sababu zamu yenu itafika. Mtoto anatakiwa awe na mafungu manne ya chelewa, yaani vile vijiti vya ufagio wa makuti, kila fungu chelewa kumi zilizofungwa kwa ukili, na chelewa mbili peke yake pembeni. Akitaka kutoa saba, anaona mbili hazitoshi, basi anafungua fungu moja, anazimwaga, anahesabu zimekuwa kumi na mbili, anaondoa saba zinabaki tano, kisha katika mafungu matatu yaliyobaki anaondoa moja. Yanabaki mafungu mawili na chelewa tano. Mmoja wa wanangu ambaye kila siku aliandika 35 kwa sababu alikuwa anasahau kwamba amekopa, alipolifungua lile fungu kwa mkono wake mwenyewe hakusahau tena, na hilo nalisema kwa haki. Lakini hesabuni nyinyi: mapacha, kila mmoja na chelewa zake, na zilizovunjika zinatakiwa zilipwe. Mke wangu anafagia ua kwa kanga kuukuu.

MwalimuMstaafu:

Wanangu, nimesoma nikanyamaza, lakini sasa nasema. Nimeshika chaki katika skuli za Unguja na Pemba hadi nikastaafu, na hizo nafasi mnazozililia nilizipanga mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Nilikuwa najumlisha alama za masomo yote, nagawa, napanga majina kutoka juu hadi chini, na aliyekuwa wa kumi na mbili alikwenda nyumbani na kumi na mbili yake bila ya mtu yeyote kujua kama ni kusoma kunakomshinda au ni kuhesabu. Mtaala wa umahiri unamtaka mwalimu amwangalie mtoto mmoja mmoja anafanya nini, amwandikie anachokiweza na ambacho bado, na apime muhula mzima badala ya kungoja mtihani wa mwisho. Ni kazi ngumu zaidi kwa mwalimu, hasa darasa likiwa limejaa hadi watoto wanakaa chini. Makofi hata hivyo yalikuwa makosa. Mzazi hapigiwi makofi, anajibiwa.

Kijana wa Mpendae:

Maalim, shikamoo, na samahani kwa kukupinga. Kama nafasi hazina maana, mbona mtoto huyu huyu atakapofika mwisho wa skuli ya msingi atafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, na watakaofanya vizuri ndio watakaochaguliwa kwenda skuli za vipawa na za michepuo? Huko hawatauliza nyuso. Mnatufundishia watoto miaka yote bila ya kushindana, kisha siku moja mnawaambia washindane, na mzazi ambaye hakuoneshwa alama hata moja ndiye atakayekuwa wa kwanza kulaumiwa.

MwalimuMstaafu:

Marahaba. Katika hili swali lako ni zuri, na wanaopanga mitihani ndio wanaopaswa kulijibu. Ninachojua ni kwamba asiyeweza kusoma akiwa Darasa la Pili hatakuwa na cha kushindana nacho siku ya mtihani huo, hata ukimwandikia nafasi yake kwa wino wa dhahabu.

MjaTanga:

Huku Bara mambo haya tulianza kuyaona mwaka 2015, mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulipobadilishwa ili watoto wajikite kwanza kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Malalamiko yangu ni ya sauti. Sisi tulisoma ba, be, bi, bo, bu tukaelewa. Mwanangu alirudi nyumbani siku ya kwanza akiwa amefumba midomo anasema “mmmmm”, akaendelea hivyo kuanzia mlangoni hadi jikoni, na bibi yake akamchemshia karafuu akidhani ni jino. Kumbe ndiyo herufi ya m. Inabidi atoe sauti yenyewe, kisha aiunganishe na a, ndipo apate “ma”. Sasa hivi anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti kubwa na hatulali safarini, lakini kwa nini hawakutuita wazazi wakatueleza kabla ya kumpa mtoto karafuu?

UmmuHisham:

Hilo hasa ndilo nililotaka kulisema. Hawatuiti kutueleza, wanatuita kutugaia ripoti. Nanyi mnaolia kwa ajili ya Darasa la Pili subirini mfike la Tano. Mwanangu mkubwa alisoma chini ya ile Sera ya Elimu ya mwaka 2006, iliyotaka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na mtoto aliyekuwa akinifundisha mimi hesabu alifika huko akanyamaza. Hesabu alikuwa anaijua, swali ndilo asilolielewa. Nafasi yake iliporomoka, Kijana wa Mpendae, na alama zile hazikunionesha kabisa kwamba tatizo ni lugha.

BintiFuoni:

Jamani, ninaomba turudi kwenye makofi. Mtu amenidhalilisha mbele ya wazazi wenzangu na nyinyi mnazungumzia karafuu na Kiingereza.

Mkaazi wa Jang'ombe:

UmmuHisham umesema kweli tupu. Wa kwangu yupo la Nne na nimeanza kumtafutia mwalimu wa masomo ya ziada, lakini wanaofundisha Kiingereza vizuri wanataka pesa nyingi, na jioni mtoto ana chuo cha Qur'ani, hawezi kukosa chuoni kwa ajili ya hilo.

UmmuHisham:

Usimtoe chuoni. Mtafutie wa Jumamosi asubuhi. Wangu nilimwanzishia kwa maneno ya hesabu peke yake, kujumlisha, kutoa, mraba, pembetatu, yale yanayorudiwarudiwa kwenye maswali, na hapo ndipo alipoanza kuinuka.

Mama Nassra:

Samahanini kwa kuingilia. Darasa la Pili wameambiwa kesho kila mtoto aende na vifuu vitano na visoda ishirini kwa ajili ya somo la kupanga na kulinganisha, na mimi nimeambiwa usiku huu. Nyumba yetu tunatumia nazi ya paketi na soda hatunywi. Mwenye navyo upande wa Mwanakwerekwe tafadhali aniandikie faragha.

BabaWaMapacha:

Vifuu ninavyo vya kutosha na visoda vipo ndani ya kopo, vimeshaoshwa. Njoo baada ya Isha, ila uje na chelewa.